Leza inachonga nini jichoni? Jibu kwa mwalimu mwenye miwani ya −6.00

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, nafundisha sekondari hapa Morogoro. Nimevaa miwani tangu darasa la sita. Kwa sasa jicho la kulia ni −5.50, la kushoto −6.00 pamoja na astigmatizimu ya −1.00. Kaka yangu anayeishi Nairobi ananishawishi nifanyiwe leza niachane na miwani. Mama hataki hata kusikia, anasema leza inachoma jicho. Naomba unieleze inafanya nini hasa ndani ya jicho, na kama inanifaa. Macho yangu hayana tatizo jingine isipokuwa kuwasha, hasa msimu wa vumbi, ila hilo ni la tangu utotoni. Pia mama ana miaka 52, siku hizi anasogeza Biblia mbali ndipo asome. Je, naye leza ingemsaidia?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umeuliza mambo matatu, lakini lililo zito zaidi umelidokeza kwa sentensi moja ukaendelea na safari yako: kuwasha. Nitalifikia. Kwanza tuelewane kuhusu tatizo la macho yako, maana mtu asipolijua hawezi kujua leza inarekebisha nini na inaacha nini.

Vua miwani yako, shika kitabu, kisogeze karibu na uso polepole. Jicho lako la kushoto litaanza kuona herufi zikiwa safi kitabu kikiwa sentimita 16 hivi kutoka usoni. Hapo ndipo ulimwengu wako unapoishia bila miwani. Sababu yake kwa kawaida ni urefu wa jicho. Jicho la mtu mzima lisilo na kasoro lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na kila milimita moja inayozidi huleta kasoro ya dayopta 2.5 hadi 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga, ndicho kilichoandikwa kwenye namba ya miwani yako). Kwa hiyo nikikupima sitashangaa kukuta milimita 26 hivi. Mwanga ukiingia unakusanyika kabla ya kuifikia retina, ile tabaka ya nyuma inayopokea picha, na picha inafika pale imeshatawanyika. Miwani yako inautawanya mwanga kidogo kabla haujaingia ili ukutane nyuma kidogo zaidi, juu ya retina yenyewe.

Leza haiwezi kulifupisha jicho. Inachoweza ni kubadilisha umbo la konea, kile kioo cha mbele kinachoonekana juu ya mboni. Wengi hudhani lenzi iliyo ndani ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupinda mwanga, kumbe konea inabeba theluthi mbili ya kazi hiyo: dayopta 43 hivi kati ya 60 za jicho zima. Ukiipunguza konea mkunjo wake hata kidogo sana, umehamisha mahali mwanga unapokutania. Kwa asiyeona mbali kama wewe, tunachonga katikati ya konea ili ilale kidogo. Kwa mwenye tatizo la kinyume, tunachonga pembezoni ili katikati pabaki pameinuka. Kwa astigmatizimu, ambapo konea imejikunja zaidi upande mmoja kuliko mwingine, tunachonga zaidi upande ule mpaka pande zote zilingane.

Sasa hofu ya mama. Hana kosa, kwa sababu leza nyingi kweli huchoma. Novemba 1981, mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan wa maabara ya IBM kule Marekani alipeleka kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu akayapiga kwa leza ya eksima, ambayo yeye na wenzake James Wynne na Samuel Blum walikuwa wakiichunguza. Walilinganisha na leza ya kijani. Ile ya kijani iliacha nyama imeungua pembezoni. Ya eksima ilichimba mfereji safi, kingo zake hazina alama ya moto. Leza hiyo hutoa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na nguvu yake inatosha kuvunja vifungo vinavyoshikilia molekuli za nyama. Vipande vinaruka vikiwa mvuke, na joto halipati nafasi ya kusambaa kwenda kwa jirani. Pigo moja huondoa robo ya mikroni hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Fikiria randa ya seremala inayotoa maranda membamba kiasi kwamba inabidi ipite mara nne ili kuondoa mikroni moja. Mwanga huo hunyonywa wote na tabaka ya juu kabisa unayoigusa, hivyo haufiki kwenye lenzi wala retina.

Nikwambie mapema: ukiwa kitandani utasikia harufu inayofanana na nywele kuungua. Wagonjwa wengi hushtuka hapo, wakamkumbuka mama. Ni ule mvuke wa vipande vilivyovunjwa, na unanukia hivyo kwa kila mtu.

Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa New York, akishirikiana na Srinivasan, alichapisha matokeo ya leza hiyo kwenye konea za wanyama. Mwaka 1988 Marguerite McDonald wa Louisiana aliitumia kwa mara ya kwanza kwenye jicho la binadamu lililokuwa bado linaona. Mgonjwa alikuwa na saratani na jicho hilo lilikuwa tayari limepangiwa kuondolewa, naye akakubali litumike kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa kibali cha kwanza mwaka 1995. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakatwa konea kwa kisu: Svyatoslav Fyodorov kule Urusi ya Kisovieti alikuwa akichora mipasuo kama mishale ya jua kuzunguka mboni, na baadhi ya macho yale yaliendelea kubadilika kwa miaka mingi baadaye. Naitaja historia hii kwa sababu mtu akikwambia “operesheni hii bado mpya”, ujue ina zaidi ya miaka 30.

Kuna njia tatu utakazotajiwa ukienda kliniki. Ya kwanza na ya zamani ni PRK. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza inachonga, kisha unavalishwa lenzi laini ya kukinga jicho wakati ngozi inaota upya, siku tatu hadi tano. Siku hizo zina maumivu, sitakudanganya, na kuona vizuri kabisa huchukua wiki kadhaa. Pia kuna hatari ndogo ya konea kufanya ukungu, ndiyo maana tunasisitiza miwani ya jua, na jua la kwetu mnalijua.

Ya pili ni LASIK, ambayo Ioannis Pallikaris wa Krete alikuwa miongoni mwa walioianzisha karibu mwaka 1990. Hapa hukatwa kifuniko chembamba cha konea, mikroni 100 hadi 120, kikiwa kimeshikilia upande mmoja. Kinafunuliwa, leza inachonga chini yake, kinarudishwa mahali pake. Hakishonwi, konea yenyewe inakinyonya na kukishika. Kesho yake watu wengi wanaona saa ya ukutani bila miwani. Ndiyo sababu ya umaarufu wake.

Ya tatu ni SMILE. Hii haitumii eksima kabisa. Inatumia leza ya femtosekunde, yenye mapigo mafupi kupita kiasi, kuchora ndani ya konea kipande chembamba chenye umbo la lenzi, kisha daktari anakivuta kupitia kitundu cha milimita 2 hadi 4. Hakuna kifuniko. Mbinu ya kutengeneza mapigo mafupi na makali namna hiyo ndiyo iliyowapa Gérard Mourou na Donna Strickland sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018. Leza hiyohiyo siku hizi ndiyo hukata kifuniko cha LASIK katika hospitali nyingi, badala ya kiwembe cha mashine.

Kazi yenyewe ni fupi. Unalala chali, unawekewa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa na chuma ili usipepese. Kwenye LASIK na SMILE kuna pete inayonyonya jicho lisitikisike, na kwa sekunde chache utaona kila kitu kinafifia. Hilo ndilo watu hulikumbuka kuliko yote. Kwenye LASIK, baada ya hapo unatazama taa ndogo, na leza inafanya kazi kwa muda usiofika dakika moja kwa kawaida. Jicho likicheza kidogo, mashine inalifuata. Likicheza sana, inasimama yenyewe. Kwa hiyo usiogope kwamba utapiga chafya ukaharibu jicho.

Tuje kwenye macho yako sasa. Konea ya kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi katikati, lakini watu hutofautiana sana, na kwa wastani Waafrika tuna konea nyembamba kidogo. Kuchonga dayopta moja katika eneo la upana wa milimita 6 hugharimu mikroni 12 hivi. Jicho lako la kushoto, −6.00 na astigmatizimu ya −1.00, lina dayopta 7 za kuondoa upande ulio mbaya zaidi: mikroni 84. Mashine nyingi huzidisha kidogo ili kingo ziwe laini, kwa hiyo tuseme 95. Ukichagua LASIK, ongeza kifuniko cha 110, kwa sababu kikishakatwa hakisaidii tena kubeba jicho. Jumla 205. Kama konea yako ni 540, inabaki 335, na hapo niko sawa. Kama ni 490, inabaki 285. Kitabu kinaruhusu kwa sababu bado iko juu ya 250, kile kiwango cha chini tunachofundishwa. Lakini umekula zaidi ya asilimia 40 ya konea, na mimi hapo ningekataa LASIK, ningekwambia PRK ambayo haina kifuniko, au tusifanye kabisa. Unaona kwamba namba ya miwani peke yake haijibu swali lako. Kaka yako anaweza kuwa na −6.00 kama wewe, yeye akafaa na wewe usifae.

Na unene si mwisho wa hesabu. Hapa ndipo lile la kuwasha linaporudi.

Kuna ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Konea inalegea polepole, inasukumwa na presha ya ndani, inachongoka. Huanza ujanani, na mara nyingi dalili ya kwanza ni astigmatizimu inayobadilika kila unapopimwa. Unafuatana sana na mzio wa macho, ule wa watoto wa maeneo ya joto wenye macho mekundu yanayowasha na kutoa uzi mweupe, na unafuatana zaidi na tabia ya kuyasugua. Huku kwetu mzio huo ni wa kawaida mno, kiasi kwamba mzazi anauhesabu kuwa “vumbi tu”, kama ulivyofanya wewe. Mwenye keratokonasi changa anaweza kuona vizuri kabisa kwa miwani na asijue chochote. Ukimfanyia LASIK mtu huyo umeichukua konea iliyo dhaifu ukaidhoofisha zaidi. Ndani ya miezi au miaka inaanza kuchongoka kwa kasi, na miwani haimsaidii tena. Kati ya madhara yote ya leza hili ndilo ninaloliogopa, na ndilo linaloweza kuepukika kwa kiasi kikubwa, kwa kipimo kimoja kisicho na maumivu.

Kipimo hicho ni ramani ya konea. Kuna mashine za kawaida zinazochora sura ya mbele tu. Wewe uliza kama wana inayochora mbele na nyuma pamoja na unene wa kila sehemu, maana ugonjwa mara nyingi hujitokeza upande wa nyuma kwanza. Kliniki isiyokupima ramani, au inayokupangia tarehe ya operesheni kwa simu baada ya kutaja namba ya miwani, ondoka. Na kama ramani itaonyesha dalili za ugonjwa, si mwisho wa dunia: kuna tiba ya kuiimarisha konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, iliyobuniwa kule Dresden, Ujerumani, ambayo kwa wengi inauzuia usiendelee. Kadiri inavyogundulika mapema ndivyo unavyookoa zaidi. Hata ukiamua kubaki na miwani maisha yako yote, kwa historia yako ningependa ramani hiyo ipigwe.

Kwa sasa, acha kusugua macho. Kabisa. Yakiwasha, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya kope na umwone daktari akupe matone ya mzio. Usinunue matone dukani bila kuandikiwa. Baadhi yana steroidi zinazotuliza haraka na kupandisha presha ya macho kimyakimya.

Mengine yanayokuhusu ni mepesi. Namba yako iwe imetulia kwa angalau mwaka mmoja, haijasogea zaidi ya nusu dayopta. Lete miwani ya zamani na karatasi za vipimo kama unazo. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, subiri, homoni hubadilisha vipimo. Kama huvaa lenzi za machoni, ziache wiki mbili kabla ya ramani ikiwa ni laini, na muda mrefu zaidi zikiwa ngumu, kwa sababu zinaipa konea sura isiyo yake.

Baada ya operesheni tatizo utakalolikuta karibu hakika ni ukavu. Konea ni kati ya sehemu za mwili zenye neva nyingi zaidi, na kifuniko cha LASIK kinazikata. Neva zikikatwa, jicho linasahau kudai machozi. Huota tena, kwa wengi ndani ya miezi sita hadi mwaka, na kipindi hicho unatumia machozi ya bandia. Kwako wewe, mwenye mzio na anayefuta ubao wa chaki kila siku, hili si dogo. Pia usiku taa za magari zinaweza kuwa na duara la mwanga kuzizunguka, hasa miezi ya mwanzo. Kama unaendesha gari au bodaboda usiku, lipime hilo. Kwa wachache halipotei. Kifuniko nacho kinaweza kusogezwa na pigo kali hata baada ya miaka, ndiyo maana bondia na askari tunawaelekeza PRK.

Pamoja na hayo, tafiti kubwa zinaonyesha kwamba karibu watu 95 kati ya 100 waliofanyiwa LASIK wanaridhika. Siwezi kuibeza takwimu hiyo. Ila hao ni watu waliochujwa kwanza, na kazi yote iko kwenye mchujo.

Kuna jambo ambalo kliniki nyingi hazilisemi. Ukishafanyiwa leza utaona bila miwani, lakini jicho lako litaendelea kuwa refu. Retina iliyovutwa na jicho refu ina hatari kubwa zaidi ya kuchanika au kubanduka, na leza haiondoi hatari hiyo hata kidogo. Ukiona mimweko ya mwanga, vijidudu vyeusi vingi kwa ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, umefanyiwa leza au hujafanyiwa. La pili ni presha ya macho, glaukoma, ambayo sisi Waafrika huipata zaidi na mapema zaidi, na kutoona mbali kwa kiwango chako kunaongeza hatari. Kipimo cha presha hufanya kazi kwa kuigandamiza konea. Konea ikiwa imepunguzwa, kipimo kinasoma chini kuliko ukweli. Miaka 20 ijayo daktari asiyejua kwamba ulifanyiwa leza anaweza kukwambia presha yako ni nzuri wakati neva inaharibika. Kwa hiyo omba nakala ya ramani, unene wa konea na presha ya kabla ya operesheni, uhifadhi pamoja na vyeti vyako vya kuhitimu. Karatasi hizohizo zitahitajika siku ukipata mtoto wa jicho, ili kukokotoa lenzi ya kupandikizwa.

Mama. Hali yake ni tofauti na yako. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na umri, na kuanzia miaka 40 na kitu haiwezi tena kujikunja ili isome karibu. Konea yake huenda haina kosa lolote. Leza inaweza kuchonga jicho lake moja lione karibu na lingine libaki la mbali, na wapo wanaoizoea hali hiyo, lakini kwa miaka 52 sioni sababu ya kumpeleka huko. Miwani ya kusomea ya +2.00 hivi itamrudishia Biblia yake mkononi. Asiinunue kwa kubahatisha tu barabarani: apimwe, na siku hiyo aangaliwe presha ya macho na mishipa ya nyuma, maana kwa umri wake hayo ndiyo yanayohitaji kuwahiwa. Nawe ujue kwamba leza haitakuepusha na hatua hiyo. Ukifika umri wake utavaa miwani ya kusomea kama yeye.

Kuhusu mahali: Nairobi wanafanya kwa miaka mingi sasa, na Watanzania wengi pia huenda India, katika miji kama Chennai na Hyderabad yenye hospitali za macho zenye jina. Bima nyingi hazilipii kwa sababu huhesabu ni hiari yako, kwa hiyo ulizia mapema. Popote uendapo, swali la kuuliza kabla ya bei ni nani atakuangalia kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Kifuniko kikikunjamana hunyooshwa kirahisi siku za mwanzo, na kikiachwa wiki kadhaa inakuwa kazi. Usipande basi la kurudi Morogoro usiku wa siku ya operesheni. Kaa kwa kaka wiki nzima, naye ndiye aliyeanzisha hii habari.

Anza na ramani na mzio. Majibu yakitoka, niandikie namba nne: unene wa konea kwa kila jicho, na kipimo cha mwinuko mkali kuliko wote kwenye kila ramani. Nikiziona hizo nitaweza kukwambia ningekufanyia ipi kati ya zile tatu, au kama ningekurudishia miwani yako.